Mganga wa Ng'ombe na Mafuta ya Mchaichai

Mganga wa Ng'ombe aliingia zizini na kravati, tai ya shingoni. Si siku za sikukuu tu. Hata wakati wa mvua, matope na mavi yanapofika kwenye vifundo vya miguu, alikunja suruali, akavua viatu, akatupa ncha ya kravati begani isichafuke, ndipo akamsogelea mnyama. Mtu akimcheka alijibu bila kugeuka: "Ngombe iko mugonjwa. Mugonjwa anastahili heshima."

Sisi wa Kasuku, mtaa wa mji wa Kindu, hatukumwita kwa jina lake. Alikuwa Muganga wa Ngombe, au Muganga tu, na hakuna aliyemchanganya na waganga wengine, maana Kindu si mji wa ng'ombe. Sisi ni watu wa mpunga, mihogo na samaki wa mto Lualaba. Waliofuga mjini walikuwa wachache: paroko na wenzake, mfanyabiashara mmoja wa Butembo ambaye hakuweza kuishi bila maziwa ya kwao, na watu kama mimi, ambao ng'ombe aliwafikia kwa bahati. Wangu aliletwa na mume wangu, Baba Shabani, aliyefanya kazi kwenye reli. Alimnunua upande wa Kongolo akiwa ndama jike, akamleta ndani ya behewa la mizigo. Watoto wa mtaa walipomsikia akipumua kwa kishindo wakati wa kushushwa, wakampa jina la Dizeli. Likamkaa.

Nasema mapema kwamba mtu huyu nilimpenda kama unavyompenda kaka mkubwa. Wanaonisikia leo nikimtaja kwa uchungu hudhani sikuwahi kumjua vizuri. Nilimjua. Shida yangu ni hiyo.

Umaarufu wake ulitokana na mafuta. Nyuma ya nyumba yake alipanda mchaichai mistari kwa mistari, ile nyasi yenye harufu ambayo wengi kwetu huichemsha badala ya chai. Pembeni kulikuwa na vivumbasi, na mkaratusi mmoja mrefu. Alivuna majani, akayashindilia katika pipa, akaziba mdomo wake kwa udongo na kuwasha moto chini. Mvuke ulipanda, ukapita katika bomba la shaba lililozamishwa kwenye maji baridi, ukatoka upande wa pili tone kwa tone. Juu ya maji hayo yalielea mafuta ya njano. Pipa zima la majani lilitoa mafuta ya kujaza kichupa cha dawa ya macho, basi.

Mtambo ule ulifanana mno na wa kupikia lutuku, pombe yetu kali ya mihogo, kwa hiyo walevi wa mtaa hawakuacha kuuzungukia. Mmoja alikuja na kikombe chake kabisa, akakinga, akabugia funda kabla ya kuzuiwa. Alitoka mbio hadi mtoni akinukia kuliko bibi harusi. Mganga alimfuata. Sote tulidhani anakwenda kumpiga. Tulimkuta amechuchumaa kando ya yule mlevi anayetapika, amemshika bega, anamhoji: "Tumbo inafanya nini? Inawaka? Unapiga mbweu? Usitapike mbio, niambie kwanza!"

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Tumbo lilikuwa dunia yake. Siku ya kwanza aliyomtibu Dizeli, ng'ombe wangu alikuwa amevimba ubavu wa kushoto kama ngoma, hali chochote, macho yametoka. Mganga aliugonga ubavu kwa kidole, akasikiliza, akamwingiza kijiti mdomoni ili atafune na kutoa hewa, akamtembeza uani huku na huku hadi Dizeli akapiga mbweu ndefu iliyotufanya wote tucheke kwa furaha. Halafu akakaa juu ya kinu changu kilicholala, akanifundisha.

"Mama Shabani, tumbo ya ngombe ni kijiji. Iko na watu ndani, wadogo wadogo, macho haiwaone. Kuna wenye kupika majani mpaka inakuwa nyama na maziwa. Kuna na wengine, kazi yao kutoa moshi tu. Ule moshi njo hewa yenye anapiga mbweu siku muzima. Ni chakula yenye inapotea hewani. Mafuta yangu inanyamazisha hawa wa moshi, wapishi wanabaki na nafasi."

"Basi tuweke mingi, Muganga, wanyamaze wote."

Alinitazama kama nimetukana mama yake. "Ukiweka mingi, unafukuza wa moshi pamoja na wapishi. Kijiji inabaki bila mutu. Ngombe inaacha kula, inakonda mbele yako na tumbo imejaa. Mafuta ni matone. Mwenye haraka asifuge."

Matone yenyewe hakuyatia mdomoni, kwani yangeunguza ulimi. Aliyachanganya na pumba za mpunga ambazo wanawake walizimwaga kando ya vinu vya mashine, akazisugua kwa viganja hadi harufu ikaenea sawasawa, akampa ng'ombe asubuhi kabla ya majani. Alisema kila ng'ombe ana kipimo chake, na kipimo hakitafutwi kichwani. Kinatafutwa kwenye mavi, kwenye kucheua na kwenye maziwa. Aliinamia mavi ya ng'ombe kwa heshima ileile ambayo wengine huinamia maiti.

Na bado, maziwa hakunywa. Yalimkera. Ukimletea kikombe cha shukrani alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akakupa maoni marefu juu ya majani aliyokula ng'ombe, kisha akakirudisha. Alikula wali na sombe, kisamvu chetu, na samaki wa kukausha kama sisi wote. Kwa watu alikuwa mkali, wakati mwingine mkorofi. Alimgombeza paroko mbele ya waumini kwa sababu zizi la misioni lilikuwa chafu. Kwa ng'ombe alikuwa mpole, na aliongea nao Kifaransa. "Doucement, madame," yaani polepole, bibi, alimwambia Dizeli, na Dizeli alitulia.

Jambo moja hakulisamehe: uongo. Ukimwambia ng'ombe alikula jana, na yeye akagusa tumbo akakuta halikula, alikusanya vitu vyake na kuondoka. "Ngombe haina mudomo wa kusema," alikuwa akisema. "Mukimusemea uongo, munamuua." Kwa ajili hiyo alikuwa na desturi yake. Ng'ombe akifa mikononi mwake, alimwita mwenye mali, akampasua mzoga mbele yake, akamwonyesha: hapa ini, hapa mapafu, hapa njo palikuwa shida. Mfanyabiashara wa Butembo alizirai siku alipoonyeshwa tumbo la fahali wake. Mganga alimwagia maji usoni, akaendelea kueleza palepale alipoachia.

"Mwenye mali aone," alisema. "Kama haone, atabaki na maneno ndani ya roho."

Ninayasimulia haya kwanza kwa kuwa yalikuwa kweli. Sijui kama ingekuwa rahisi zaidi kwangu iwapo yangekuwa ya kuigiza.

Vita ilipofika Kindu, reli ilikatika. Baba Shabani alikuwa safarini na mtoto wetu Shabani, wakabaki upande wa pili wa mapigano. Hatukujua kama wako hai. Askari walishika mji, na waliowapinga walishika msitu. Mto ulikuwa katikati, na mtu wa Kasuku hakuvuka tena kwenda shambani Alunguli bila kuaga kana kwamba haji kurudi. Chumvi ikawa kitu cha kuramba. Watu waliuza milango ya nyumba zao ikawa kuni. Ng'ombe wa mjini walianza kuishia kwenye sufuria za askari, mmoja baada ya mwingine.

Dizeli alibaki, kwa sehemu kwa sababu nyumba yangu imejificha nyuma ya nyumba nyingine, na kwa sehemu kwa sababu ya Mganga. Sikuweza tena kukata majani kando ya uwanja wa ndege, maana huko kulikuwa na risasi. Ng'ombe alikula maganda ya mihogo, maganda ya ndizi, majani makavu ya mpunga. Chakula kama hicho kinachacha tumboni na kuleta hewa. Mganga alikuja kila mara, amevaa kravati yake, akipita vizuizi vya askari kana kwamba haviko, na kichupa chake mfukoni. Alikuwa akipunguza matone, akiongeza matone, akikaa chini kumsikiliza akicheua. Maziwa yalipungua lakini hayakukatika. Mji mzima ulikuwa na njaa, na mimi nilikuwa na ng'ombe anayekamuliwa. Yeye ndiye aliyefanya hivyo iwezekane, na silikatai hilo.

Halafu mdogo wangu Zaina akafa kwa uzazi. Alikuja kwangu kutoka Lokandu akitembea kwa miguu, mimba imekomaa, akajifungua chumbani mwangu, akafa kesho yake. Aliacha mtoto wa kike. Nikampa jina la Faila. Mimi nilikuwa nimeshapita umri wa kunyonyesha. Mtoto aliishi kwa maziwa ya Dizeli.

Mganga alimpakata Faila kabla hajafikisha juma. Alimpakata vibaya, kama mtu aliyebeba kuku, lakini alimpakata. Alinionyesha namna ya kuchemsha maziwa, kuyapunguza ukali kwa maji yaliyochemka, kutia chembe ya sukari ikipatikana. Siku ya pili mtoto alikataa, akageuza uso na kulia. Mganga akaomba kikombe. Yeye asiyekunywa maziwa alikunywa, akakunja uso.

"Ni mafuta yangu," alisema. "Harufu imeingia mu maziwa. Ngombe hataki nipunguze, lakini mutoto anataka. Tutasikia mutoto."

Akapunguza matone. Alikuja asubuhi baada ya asubuhi, akionja, hadi Faila akanywa bila kulia. Alipiga kofi moja kwa furaha, akamshukuru Dizeli, "Merci, madame." Nilimwona. Kwa hiyo asije mtu kuniambia hakujua maziwa yale yalikuwa ya nani.

Asubuhi moja alikuja na wanaume wawili nisiowajua. Nilikuwa nimemaliza kukamua. Hakuvua viatu. Hilo nililiona, nikadhani ni haraka tu. Aliweka sikio kwenye mbavu za Dizeli, kushoto, kulia, muda mrefu. Aliponyanyuka hakunitazama mimi, alitazama sufuria ya maziwa.

"Mama Shabani, ni mapafu. Homa mubaya ya mapafu. Ile inatoka kwa ngombe, inaingia kwa mutu."

"Jana alikuwa muzima, Muganga. Amekula pumba yote."

"Inaanza hivyo. Leo usimupe mutoto hata tone."

Nikamwaga maziwa. Niliyamwaga mwenyewe kwenye mchanga, kwa neno lake, nikafukia kwa mguu ili kuku wasinywe.

Alisema lazima Dizeli auawe na achomwe moto, mbali, kule kwenye matanuri ya matofali, kabla askari hawajasikia na kutaka kumla wakafa, na wenzao wakatulaumu sisi. Maneno yake yote yalikuwa na mpango. Nikamuuliza kama nifuate, nikamwone anapopasuliwa, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Hapana," alisema. "Usije. Wewe unamupenda sana. Utaumia roho bure."

Nikamshukuru. Wanaume wale walimfunga Dizeli kamba wakamtoa kwa njia ya nyuma, na mimi nikasimama mlangoni na Faila mgongoni, nikasema, "Aksanti, Muganga. Mungu akulipe."

Mtoto nilimlisha maji ya mchele. Nilimtafutia karanga, nikazisaga laini, nikachanganya na uji. Kwenye kituo cha afya mhudumu alifungua kabati lake, akanionyesha, ili nisidhani ananinyima: mlikuwa na mjusi na bendeji zilizofuliwa. Nilikwenda kwa Mganga mara mbili, mara zote nyumba imefungwa na mtambo haupo. Nikasema pengine na yeye ameambukizwa homa ya mapafu. Nilimwombea. Faila alianza kuharisha. Alikuwa mtoto wa kunyamaza, hata kulia hakulia kwa nguvu. Siku za mwisho alinitazama tu kana kwamba ananingoja nikumbuke kitu. Alikufa adhuhuri, mgongoni kwangu, nikiwa njiani kurudi kituoni. Nilijua kwa uzito wake.

Baada ya hapo nilianza kuuza sombe ili nile. Siku moja mwanamke mwenzangu alinishauri tupeleke kwenye zile nyumba za zamani za kampuni, karibu na mto, alikokaa komanda wa askari, kwani huko walikuwa na pesa. Tulifika uani, tukashusha masinia. Nikamwita mpishi kwa sauti, "Hodi, tuko na sombe." Nyuma ya ua wa mabati, ng'ombe akalia.

Kuna watu wanaosema milio ya ng'ombe yote ni sawa. Nilikwenda kwenye pengo la bati nikachungulia. Dizeli alikuwa amefungwa kivulini, amenenepa kidogo, manyoya yanang'aa. Alikuwa amegeuzia kichwa upande wa sauti yangu. Mbele yake, amekunja suruali, ncha ya kravati begani, Mganga wa Ng'ombe alikuwa akisugua pumba za mpunga kwenye beseni. Harufu ya mchaichai ilijaa ua mzima.

Aliinua kichwa akaniona. Tulikuwa karibu kiasi cha kuzungumza bila kupaza sauti. Nilingoja aseme kitu, hata uongo. Alishusha macho, akaendelea kusugua. Askari mmoja akaniuliza natafuta nini hapo. Nikasema ninauza sombe. Nikarudi kwenye sinia langu.

Askari wale walipoondoka Kindu, yeye aliondoka nao. Wengine walisema alikwenda Kisangani, wengine Goma. Amani ilikuja taratibu, kama mtu anayerudi nyumbani akiwa na deni. Garimoshi la kwanza lililofika lilimleta Shabani, amekuwa kijana mwenye ndevu. Baba Shabani hakuwemo, alikuwa amezikwa Kalemie. Miaka ikapita. Shabani alipata kazi Lubumbashi, akaninunulia ng'ombe, halafu wa pili. Na sasa niseme jambo ambalo hata mwanangu hulishangaa. Nilipanda mchaichai nyuma ya nyumba. Mtambo sina, kwa hiyo nakatakata majani mabichi na kuyachanganya kidogo kwenye pumba, kidogo tu, ninasikiliza wakicheua, ninaangalia mavi. Ng'ombe zangu hawavimbi. Mtu nilimkana, lakini dawa yake ilikuwa ya kweli, na ng'ombe hawana kosa.

Mwaka huu ilikuja proje moja, mradi wa ufugaji, wakatualika sisi wenye ng'ombe kwenye mafunzo katika ukumbi mmoja hapa Kasuku. Tulipewa soda na viti vya plastiki. Kijana wa proje akatangaza kwamba mtaalamu wa mafuta ya mimea katika chakula cha mifugo amesafiri kutoka mbali kwa ajili yetu. Mlango wa pembeni ukafunguliwa, akaingia mzee wa nywele nyeupe, na kravati.

Alizungumza vizuri. Alikuwa amejifunza maneno makubwa mahali fulani, na alikuwa na vichupa vilivyofungwa kwa karatasi zenye picha ya ng'ombe. Kijiji kilikuwepo, na wapishi, na wenye moshi; watu walicheka palepale nilipocheka mimi zamani. Kisha mfugaji mmoja kijana akamuuliza aliwezaje kujua kipimo sahihi.

"Ah! Wakati wa vita," alisema, akatabasamu. "Mimi nilikuwa na bahati. Nilipata ngombe moja yenye haikuwa na mwenyewe. Nikaishi naye, nikamusoma kila siku. Ile ngombe njo shule yangu."

Nilisimama. Sikuwa nimepanga kusimama.

"Ile ngombe ilikuwa na mwenyewe," nikasema.

Watu waligeuza vichwa. Mganga alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kravati, akaivaa tena. Nilimwona aliponitambua, kwani mdomo wake ulibaki wazi kidogo. Kijana wa proje akasema, kwa adabu, kwamba maswali yatakuja mwishoni, mama akae. Sikukaa. Nilitoka nje, nikaenda nyumbani kwa miguu, nikawapa ng'ombe zangu maji.

Asubuhi alikuja. Nilikuwa nimekaa kwenye baraza nachambua mchele. Pikipiki ilimwacha barabarani, akatembea hadi mlangoni akiegemea fimbo, akapiga hodi. Nikamwambia apite, kwani hodi hujibiwa. Akasimama uani. Alinusa hewa, macho yakaenda zizini.

"Bado unaweka," alisema.

"Naweka. Inafaa."

"Majani mabichi? Ni vizuri. Lakini wakati wa kiangazi..."

"Muganga, ulikuja kunifundisha?"

Alihamishia fimbo mkono mwingine. Alikuwa amezeeka vibaya, ngozi ya shingo ilining'inia juu ya kola. Aliniambia komanda alikuwa na vidonda vya tumbo, hakuweza kula chochote ila maziwa, na alimwita akamwambia alete ng'ombe anayekamuliwa kabla ya jua kuzama au asirudi tena nyumbani kwake. Alisema askari wangemla Dizeli siku moja au nyingine, na kwa komanda aliishi vizuri. Aliongea haraka, kama mtu aliyejifunza maneno hayo njiani.

"Alikufa namna gani?" nikamuuliza.

"Siku ya kuondoka. Walimuchinja. Mimi sikuwa pale."

"Na Faila?"

Alinitazama. Jina halikumwambia kitu, na nikaona analitafuta.

"Mutoto," nikasema. "Wa Zaina. Ulionja maziwa yake."

"Nilizania watu wa misaada watakupa maziwa ya unga," alisema polepole. "Vreman, kweli kabisa, Mama Shabani, nilizania hivyo."

"Kulikuwa na ngombe zingine. Mapadri walikuwa na moja. Yule wa Butembo alikuwa na mbili. Kwa nini yangu?"

Nilikuwa nimeliweka swali hilo miaka yote, nikijipa majibu mwenyewe: labda Dizeli alikuwa na maziwa mengi kuliko wengine, labda nyumba yangu ilikuwa karibu, labda alilazimishwa kutaja jina langu. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Mganga aliegemea fimbo kwa mikono miwili. Nadhani alitaka kusema uongo, na nadhani safari hii alishindwa.

"Mapadri wangetaka kuona muzoga," alisema. "Yule wa Butembo pia. Wangefuata mpaka pale kwenye matofali. Wewe njo hungefuata. Nikikuambia usije, haungekuja. Wewe ulikuwa unaniamini."

Kuku alipita kati yetu. Alingoja nilie, au nimtukane, au nimwambie yamepita. Alisimama kama mtu anayengoja kupewa kiti, na nafikiri lolote kati ya hayo lingempunguzia mzigo. Mwishowe akasema kwamba ataondoka na ndege ya kesho, kwamba amefurahi kuona ng'ombe zangu wana afya. Akaaga.

Kwetu mgeni husindikizwa hadi barabarani, hata kama mmegombana. Nilibaki nimekaa, nikaendelea kuchambua mchele. Alifika barabarani akasimama kungoja pikipiki. Haikupita hata moja. Jua lilikuwa limekwishapanda, na upande ule hakuna kivuli. Kupitia matundu ya ua nilimwona anahama kutoka mguu mmoja hadi mwingine, anafuta shingo, anatazama barabara upande huu na upande ule, mzee mwenye kravati. Kiti kilikuwa hapa kando yangu, cha mbao, chepesi, mtoto angeweza kukibeba.

Sikukiinua. Alisimama hadi pikipiki ikapita, akapanda, akaenda.